Kunyoosha Mikunjo ya Mabango ya Zamani: Unyevu Kwanza, Uzito Baadaye

Mhadhara uliotolewa Dodoma mbele ya wakutubi, walimu na watunza kumbukumbu

Ndugu wakutubi, watunza kumbukumbu, walimu, na nyote mliofika,

Ninashukuru kupewa nafasi hii, na naomba niingie moja kwa moja katika jambo linaloniuma. Katika ofisi, shule na nyumba zetu yangalipo mabango ya miaka ya 1960 na 1970, enzi za Azimio la Arusha na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, yaliyokunjwa mara nne au mara nane na kuwekwa ndani ya masanduku ya bati. Bango la namna hiyo huweza kustahimili miaka hamsini sandukuni, kisha likaharibika katika dakika moja ya kufunguliwa kwa pupa.

Mkunjo haupo juu ya karatasi tu. Umeingia ndani yake. Karatasi ni nyuzi za mimea zilizoshikamana, na inapokunjwa, nyuzi za upande wa nje huvutika na kukatika, ilhali za upande wa ndani hubanwa na kusagika. Kwa kuwa mashine ya kutengenezea karatasi hulaza nyuzi nyingi kuelekea upande mmoja, mkunjo unaokatiza uelekeo huo huvunja nyuzi nyingi kuliko unaoufuata, na ndiyo sababu katika bango lilelile mkunjo mmoja huwa imara na mwingine huwa karibu kuachana. Uzi uliokatika haujirudishi. Anayewaahidi kwamba ataufuta mkunjo pasibaki alama yoyote, msimkabidhi bango lenu. Kazi yetu ni kuilaza karatasi, kuitia nguvu ilipodhoofika, na kuipunguza ile alama inayovuta jicho.

Karatasi nyingi za mabango ya wakati huo zilitengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na mara nyingi zilitiwa utomvu na alumu, yaani shabu, ili wino usisambae, njia iliyotangazwa na Moritz Friedrich Illig wa Ujerumani mwaka 1807. Karatasi hiyo huzaa asidi ndani yake yenyewe, na asidi hukata nyuzi taratibu mwaka hata mwaka. Hapa Dodoma tunaongeza ukame. Mvua zetu huanza karibu na Desemba na kukoma karibu na Aprili, na miezi inayofuata hewa hukauka sana. Karatasi hupokea na kupoteza unyevu kwa kufuata hewa inayoizunguka. Ikikauka hukakamaa na kuvunjika. Bango ambalo lingefunguka salama Tanga au Zanzibar laweza kupasuka likifunguliwa hapa mwezi Agosti. Kwa hiyo bango lililokakamaa lisifunguliwe. Lipewe unyevu likiwa bado limekunjwa.

Lakini kabla ya unyevu, vumbi. Vumbi likilowa hugeuka tope na kuzama kati ya nyuzi, na huko halitoki. Pangusa kwa brashi laini kuanzia katikati kwenda pembeni, na sehemu za ndani uzipanguse kadiri zinavyofunguka. Kisha pima wino. Wino wa mafuta wa mashine za uchapaji kwa kawaida hauchuji, lakini mhuri, saini na maandishi ya kalamu yanaweza kuchuja. Weka tone dogo la maji mahali pasipoonekana sana, subiri kidogo, kisha kandamiza kwa karatasi nyeupe ya kufyonza. Rangi ikihama, simama hapo. Simama pia ikiwa karatasi ni ile ya kung'aa, kwa maana tabaka lake la juu likipata maji huweza kunata na kubanduka.

Chombo cha kutilia unyevu si cha gharama. Chukua beseni pana la plastiki lenye mfuniko, tandika chini taulo safi iliyoloweshwa na kukamuliwa, inua wavu wa plastiki juu yake, na ulaze bango juu ya wavu bila kugusa taulo. Funika, na uangalie kila baada ya muda mfupi. Ile pembe iliyokuwa ikitoa sauti kavu ukiigusa itanyamaza, na karatasi italegea kama kitambaa. Hapo ndipo mkunjo unapofunguka bila kulazimishwa. Usiliache bango humo usiku kucha, kwa sababu ukungu haukawii.

Likiwa bado na unyevu, lilaze kati ya vitambaa vyembamba vya poliesta, kisha karatasi za kufyonza juu na chini, kisha ubao uliosawazika, na uzito juu yake. Badilisha karatasi za kufyonza baada ya nusu saa, tena baada ya saa chache, halafu kila siku, na uliache wiki moja au zaidi. Ninajua wengi hutamani pasi. Nawasihi msiitumie! Joto lake hukausha karatasi ghafla, huweza kuubadilisha wino, na hukandamiza kingo za mkunjo zikabaki hivyo.

Selotepu nayo ni adui wa kudumu, kwa kuwa gundi yake hugeuka njano na kuzama katika karatasi. Palipopasuka, tumia ukanda mwembamba wa karatasi ya Kijapani ya kozo, yaani ya nyuzi za mti wa jamii ya mforosadi, uliochanwa kwa kulowesha mstari na si kukatwa kwa mkasi, ili nyuzi ndefu za ukingoni zishike bila kuacha ukingo mkali. Ubandike upande wa nyuma kwa gundi ya wanga wa ngano iliyopikwa na kuchujwa, ambayo atakayekuja baadaye ataweza kuilainisha kwa maji na kuiondoa.

Unabaki ule mstari mweupe ambapo wino umedondoka. Wapo wanaoupaka rangi, na mimi sikatai, mradi rangi isitoke nje ya mstari. Hata hivyo, mabango ya sinema ya Marekani yalisafirishwa yakiwa yamekunjwa hadi miaka ya 1980, na hakuna anayeona aibu kwa mikunjo yake. Kwa mabango yetu pia, mimi huuacha mstari huo uonekane.

Likishanyooka, bango lilazwe ndani ya jalada lisilo na asidi, mbali na ukuta na sakafu ambako mchwa hupita, na lisikunjwe tena.