Futikamba Huchelewa: Kuutazama Mfumo wa Limfu kwa Mwanga

Nimelisema hili kila nilipoalikwa, na leo nalirudia: mkono ukishavimba, tumeshachelewa. Mgonjwa aliyeondolewa tezi za limfu za kwapani kwa sababu ya saratani ya titi anarudi kliniki, anazungushiwa futikamba, tofauti haijafika sentimita 2, anaambiwa yuko salama. Salama kwa kipimo gani? Futikamba inapima unene wa mkono. Kuhusu mishipa inayosukuma limfu, yale majimaji ya mwilini yanayovimbisha mkono yasipoondoka, futikamba haina habari.

Tazameni skrini hii. Tunachoma rangi kidogo ya indosianini ya kijani kijuujuu kwenye ngozi, katikati ya vidole. Si kitu kigeni. Marekani iliiruhusu itumike hospitalini tangu 1959. Inashikamana na albumini, protini ya mwilini, inaingia kwenye mishipa ya limfu. Tunazima taa, tunamulika kwa mwanga wa infraredi wa nanomita 780 hivi usioonekana kwa macho. Rangi inang'aa kwenye nanomita 830 hivi, kamera inaunasa mng'ao huo. Mkono mzima unaonyesha mistari myembamba inayopanda kuelekea kwapani. Msiwe na haraka, iangalieni. Limfu haitiririki mfululizo. Kipande cha mshipa kati ya vali na vali, vile vilango vya ndani ya mshipa, kinajikaza, fungu linalong'aa linaruka juu, linatulia, halafu linafuata jingine. Hayo ndiyo mapigo ya limfu! Sasa mkono ulioanza kuharibika: mapigo yamelegea, mstari umekatika, rangi inavuja kurudi kwenye ngozi, kwanza michirizi, kisha nukta nukta, mwisho doa zima. Na kwa nje mkono huo unaweza kuwa sawa kabisa na mwenzake.

Kuna atakayeniambia, mbona tunayo picha ya teknesiamu, ile dawa yenye mionzi? Ipo, na ina kazi yake, lakini taswira yake ina ukungu na mapigo haya hamtayaona humo. Mwingine atasema mwanga hauzami. Kweli, ukipita sentimita 2 hivi hauna msaada. Mishipa ya kifuani na tumboni msiitafute kwa kamera hii. Ila ile ya mkono na mguu inayotusumbua iko chini tu ya ngozi.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi haraka: ulizeni kwanza kuhusu aleji ya iodini, maana imo kwenye rangi hii. Mpasuaji anayeunganisha mshipa wa limfu na vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, huchora alama zake kwa kufuata picha hii. Na picha ya kwanza ipigwe kabla tezi hazijaondolewa. Vinginevyo ya pili mtailinganisha na nini?