Bei ya Kopo Si Gharama ya Dawa

Assalaam alaykum. Waliokwisha kunisikia wanajua naanzia wapi: kwenye bei iliyobandikwa kwenye kopo, maana hapo ndipo kamati za dawa hukwama. Historia ya imatinibu, kidonge cha saratani ya damu, mnaijua, nairuka.

Mgonjwa wa lukemia sugu ya myeloidi, ndiyo hiyo saratani ya damu, anatumia imatinibu miligramu 400 kwa siku, na kipimo cha BCR-ABL, jeni inayouendesha ugonjwa, hakishuki. Kamati inauliza: baina ya dasatinibu na nilotinibu, dawa za ukoo ule ule, ipi ya bei nafuu? Hapo tumeshateleza. Swali la kwanza ni kama imatinibu yenyewe anaimeza. Utafiti wa Hammersmith, London, uliotoka mwaka 2010, uliwaangalia wagonjwa waliokuwa wakiendelea vizuri na dawa hiyo. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi, kama 94 katika kila 100 walifikia kiwango kinachotakiwa ndani ya miaka 6. Waliokuwa chini ya hapo, 28 tu. Na asilimia 90 ni kukosa siku 3 kwa mwezi. Siku 3! Upepo ukichafuka, boti ya Pemba isiondoke, mtu keshafika. Ukimpa dawa ghali zaidi ataikosa siku zile zile. Sasa umenunua nini?

Atatokea mtu aseme Waingereza wamekwishapiga hesabu, tunakili. Haya, tunakili ipi? Mwaka 2012 NICE, taasisi yao inayopima kama dawa inastahili gharama yake, waliikubali nilotinibu na kuikataa dasatinibu kwa walioshindwa na imatinibu. Mwaka 2016 dasatinibu nayo ikakubaliwa. Kidonge ni kile kile; mtengenezaji alishusha bei. Anayenakili uamuzi wao ananakili punguzo ambalo yeye hakupewa.

Hesabu yenyewe si ngumu: gharama ya ziada unaigawa kwa miaka ya ziada ya maisha yenye afya. Tuseme dawa inazidi kwa shilingi milioni 6 na kuleta nusu mwaka. Basi mwaka mmoja umeununua kwa milioni 12. Lakini kwenye hiyo milioni 6 tia na kipimo cha kila miezi 3, nauli ya mgonjwa na ya anayemsindikiza, na matibabu ya madhara.

Nilotinibu ni miligramu 400 mara mbili kwa siku, tumbo tupu: saa 2 baada ya chakula, na saa 1 kabla ya kula tena. Sasa ije Ramadhani. Magharibi ikiadhiniwa anameza kwa maji matupu, tende anaitazama saa nzima, wenzake wamo kwenye mihogo ya nazi. Daku aile saa 8 usiku ili ameze kabla ya alfajiri. Mtaniambia mgonjwa ana ruhusa ya kula. Anayo, lakini atafunga, nanyi mnajua atafunga. Na akichanganya na chakula, dawa haipotei. Inapanda kupita kiasi kwenye damu, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Kulazwa kwa ajili hiyo hakumo kwenye bei ya kopo.

Dasatinibu ni miligramu 100 mara moja, ale asile. Ila omeprazoli inaizuia isifyonzwe, na humu mitaani omeprazoli inanunuliwa kama peremende. Pia huleta maji kwenye utando wa mapafu. Akikohoa au akihema kwa shida, picha ya kifua.

Naoneshwa saa. Upesi basi: pimeni mabadiliko ya jeni ile ya BCR-ABL kabla ya kuagiza; kila badiliko lina jina lake. Likiwa F317L, dasatinibu haifai. Y253H, nilotinibu haifai. T315I, zote mbili ni pesa baharini, anahitaji dawa nyingine kama ponatinibu, nayo inaweza kuziba mishipa ya damu. Bosutinibu, nayo ya ukoo huu, ni kuharisha zaidi, tutaizungumza siku nyingine.

Na balungi! Hakuna hata moja kati ya hizi inayopatana na balungi. Waambieni wagonjwa dirishani pale pale, kopo likiwa mkononi. Haya, maswali.