Kwa Nini Tarehe 3 Oktoba

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, ndugu zangu wa hapa Unguja, asalamu aleikum na habari za jioni.

Ukimuuliza mtu Ujerumani iliungana lini, aghlabu atakutajia usiku ule Ukuta wa Berlin ulipofunguka, tarehe 9 Novemba 1989. Lakini Wajerumani siku hiyo wanakwenda kazini kama kawaida. Sikukuu yao ya taifa ni tarehe 3 Oktoba, na hata kwao wapo wanaoiona imepooza, tarehe ya makarani. Mimi jioni hii nataka kuitetea.

Novemba 9 ilikuwa na kila kitu. Günter Schabowski, msemaji wa chama tawala cha kikomunisti cha Ujerumani Mashariki, amekaa mbele ya waandishi wa habari na karatasi ambayo hakupata wasaa wa kuisoma vizuri. Anatangaza kwamba wananchi wataruhusiwa kusafiri. Anaulizwa, kuanzia lini? Anapekuapekua karatasi zake, kisha anajibu kwamba ajuavyo yeye ni sasa hivi, bila kukawia. Kumbe utaratibu ulikuwa uanze kesho yake, tena kwa watu kuomba viza! Wakazi wa Berlin hawakungoja ufafanuzi. Walimiminika mipakani, na pale Bornholmer Strasse walinzi, wakiwa hawana amri ya kueleweka kutoka kwa wakubwa zao, wakafungua njia kabla ya saa sita za usiku.

Kwa nini basi isiwe hiyo? Kwa sababu usiku wa tarehe hiyohiyo, mwaka 1938, masinagogi yaliteketezwa Ujerumani nzima, maduka ya Wayahudi yakavunjwa, na maelfu ya wanaume wa Kiyahudi wakakamatwa na kupelekwa kambini. Halafu ni siku jaribio la Hitler la kupindua serikali lilipozimwa mjini München mwaka 1923, na Wanazi walipoingia madarakani waliigeuza kuwa siku yao ya kuenzi wenzao waliouawa. Huwezi kuweka harusi na matanga katika ua mmoja.

Magharibi walikuwa na sikukuu nyingine, Juni 17, ya kukumbuka wafanyakazi wa Mashariki walioandamana mwaka 1953 wakazimwa kwa vifaru vya Kisovieti. Hiyo iliachwa mwaka 1990.

Sasa tuingie bungeni, Berlin Mashariki, usiku wa kuamkia Agosti 23, 1990. Wabunge wamebishana hadi karibu saa tisa za usiku. Kura zinahesabiwa: 294 wanakubali kujiunga na Shirikisho, yaani Ujerumani Magharibi, 62 wanakataa, 7 hawana upande. Gregor Gysi, kiongozi wa chama kilichorithi kile tawala cha zamani, anasimama kusema kwamba Bunge limepitisha mwisho wa nchi yao, si zaidi si pungufu, ifikapo Oktoba 3. Yeye anasema kwa masikitiko; upande wa pili wanalipuka kwa makofi.

Na tarehe yenyewe? Mawaziri wa mambo ya nje wa Ulaya na Amerika Kaskazini walikuwa wakutane New York tarehe 1 na 2 Oktoba, ambako wangearifiwa rasmi kuhusu makubaliano ya Wajerumani na yale mataifa manne yaliyoshinda Vita vya Pili vya Dunia. Siku iliyofuata ilikuwa ya mwanzo kupatikana. Isitoshe, wengi hawakutaka kuifikia Oktoba 7, Ujerumani Mashariki ikatimiza miaka 41.

Naam, ni kalenda ya ofisini. Lakini kuungana kwenyewe kulifanyika ofisini, na kulikuwa na watu wa kulia pia. Marka ya Magharibi ilishaanza kutumika Mashariki tangu Julai 1, viwanda vikapoteza soko, na shirika la Treuhand likakabidhiwa maelfu ya mashirika ya umma liyauze au liyafunge. Nyinyi mliopitia ubinafsishaji sihitaji kuwachorea. Hata leo wapo Mashariki wanaosema hawakuungana, walimezwa. Naona baadhi yenu mnatabasamu. Mada yetu leo ni Ujerumani.

Ingawa, kusema kweli, mgawanyiko ule ulifika mpaka hapa. Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mwaka 1964, na majumba ya Kikwajuni yakajengwa kwa msaada wake. Baada ya Muungano wetu, Ujerumani Magharibi ikabana ili Tanzania isiitambue Mashariki. Na ilipoondoa msaada wake wa kijeshi mwaka 1965, Mwalimu Nyerere akaiambia ichukue na misaada mingine yote ya serikali yake.

Turudi kwenye sikukuu. Mwaka 2004 serikali ya Kansela Schröder ilipendekeza ihamishiwe Jumapili ya kwanza ya Oktoba, ili watu wasikose siku ya kazi. Kelele zilizopigwa ziliua wazo hilo upesi. Tarehe ya makarani ilikuwa imeshapata wenyewe! Sherehe kuu huzunguka kutoka jimbo hadi jimbo, na tangu 1997 misikiti mingi hufungua milango siku hiyo na kukaribisha majirani wasio Waislamu. Jumuiya za Kiislamu ziliichagua makusudi, kuonyesha kwamba nazo zimo katika taifa hilo.

Nimeonyeshwa saa. Nawasikiliza, na najua swali la kumezwa litakuja kwanza.