Kulabu Kabla ya Zege

Nashukuru, mwenyekiti. Wengi hapa mmeshanisikia nikililia jambo hili la kuipangia sanaa nafasi yake kabla daraja halijajengwa, kwa hiyo moja kwa moja niwapeleke Boston, Marekani.

Mji ule ulikatwa katikati na barabara ya juu kwa zaidi ya miaka 40. Wakaibomoa, magari wakayashusha handakini, na juu ya paa la handaki wakatandaza bustani iliyozinduliwa 2008. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wahandisi wetu huanza kuangalia simu. Paa la handaki halibebi kila unachotaka. Udongo wake ni wa kina kifupi, na uzito una kikomo. Huwezi kujipandia tu sanamu ya shaba na msingi wake, kama sanamu yetu ya Askari pale barabara ya Samora, Dar es Salaam, iliyosimama tangu 1927.

Basi mwaka 2015 msanii Janet Echelman akatundika wavu. Wavu, jamani! Ulifungwa kwenye majengo ya pembeni, ukawa unapepea juu ya vichwa vya watu. Kamba zaidi ya kilomita 160, mafundo kama nusu milioni, na uzito wote ulikuwa kama tani moja. Mistari yake ya rangi ilikumbusha njia sita za ile barabara. Ndani kulikuwa na matundu matatu makubwa, kumbukumbu ya vilima vitatu ambavyo mji uliviparua zamani ili kujaza bahari upate ardhi.

Na wazo la nyavu alilitoa wapi? Alilitoa India, 1997. Rangi zake za kuchorea hazikufika, akawa anashinda ufukweni akiwatazama wavuvi na nyavu zao.

Kwa wavuvi! Nendeni soko letu la samaki la Feri asubuhi. Juzi nimekaa na mzee mmoja anashona wavu wake: pembe ameinasa kwenye dole gumba la mguu, sindano ya plastiki mkononi, anapitisha, anazungusha, anakaza. Fundo limeshafungwa kabla hujapepesa jicho. Nikamuuliza amefunga mangapi maishani. Akanijibu, "Mwanangu, nani anahesabu pumzi?" Ufundi ule uko hatua chache kutoka katikati ya jiji, na hakuna kikao hata kimoja cha barabara nilichohudhuria ambako mtu kama yule aliitwa.

Najua mtakachosema. "Mwalimu, wale ni matajiri." Mimi siombi handaki. Flaiova ya Tazara tunayo tangu 2018, Ubungo tangu 2021, na nyingine zinakuja. Nguzo za kufungia wavu zipo, kivuli kipo, watu wanapita mchana kutwa. "Wataiba." Wavu wa Boston wenyewe haukuwekwa wa milele, ulipanda Mei ukashushwa Oktoba. Na wavu ukichanika, Feri wapo wa kuuziba.

Kinachonikera ni hili jibu la miaka yote: "Sanaa tutaiweka mwishoni, bajeti ikibaki." Haibaki! Na hata ikibaki, zege limeshakauka, hakuna mahali pa kufungia kamba, tunaanza kutoboa nguzo ya watu na mhandisi anakataa. Ana haki ya kukataa.

Nilitaka kugusa na michoro ya kuta, na vijana wachoraji wa Tingatinga, lakini naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi wewe mhandisi uliyekaa pale nyuma, mchoro wa daraja lijalo ukiwa bado mezani, nichoree kulabu nane. Nne upande huu, nne upande ule. Mzee wa Feri nitamleta mwenyewe.