Mboji Huanzia Kwenye Ubao wa Kukatia

Ndugu wenye migahawa, mama lishe na wapishi mliofika,

Jijini Dar es Salaam, kabla mteja wa kwanza wa chai hajaketi, jiko la mgahawa huwa limekwisha kutoa ndoo nzima ya maganda ya viazi, machicha ya nazi na mashina ya mchicha. Ndoo hiyo ikichanganywa na mifuko ya plastiki, huishia kwenye dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako mabaki hufukiwa chini ya taka nyingine, hukosa hewa, na huoza yakitoa gesi ya methani. Ikitengwa, ni mali, kwani mabaki hayo huozeshwa yakawa mboji, yaani mbolea ya mimea iliyooza. Kuitenga ni kazi ya anayekata mboga, hapo hapo penye ubao, kwa sababu mabaki yakishachanganyika na vijiti vya meno na vifuniko vya soda hakuna atakayekubali kuyachambua.

Mabaki ya jikoni yana maji na naitrojeni nyingi, ilhali bakteria wanaoyaozesha huhitaji kaboni mara 25 hadi 30 ya naitrojeni hiyo. Kaboni tutaipata kwenye majani makavu, maranda ya seremala au maboksi yaliyochanwa. Kipimo changu ni ndoo moja ya mabaki kwa ndoo mbili au tatu za vitu vikavu. Nilipojaribu mara ya kwanza nilirundika wali na maharage peke yake, na siku ya nne jirani alipiga hodi, wala hakuja kunijulia hali.

Biwi, yaani rundo la mchanganyiko huo, lenye kimo na upana wa mita moja hivi hupata joto la nyuzi 55 na zaidi, linaloua mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Asiye na kipimajoto achomeke fimbo katikati, aiache kidogo, kisha aichomoe na kuishika. Ikitoka baridi na kavu, biwi linataka maji. Ikitoka baridi na inanuka, ligeuzwe na liongezwe maranda. Nyama, mifupa na mafuta ya kukaangia visiingie kabisa, kwani huita panya.

Kuhusu kuotesha upya mabaki ya jikoni, nawaomba tusidanganyane. Kichwa cha karoti kilichowekwa majini hutoa majani tu, hakitoi karoti nyingine. Tangawizi huota endapo kipande kina jicho, na kitunguu cha majani huchipua upya kikiachiwa mizizi. Kishungi cha nanasi nacho huota vizuri, lakini mwenye kukipanda asubiri tunda kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Mgahawa wenye nafasi ya ndoo tatu tu nyuma ya jiko ningeushauri uanze na mchaichai: shina lenye kitako kizima hutoa mizizi majini kwa wiki mbili au tatu, likahamishiwa kwenye mboji, na majani yake yanarudi kwenye birika la chai ile ile ya asubuhi.