Mmelalaje? Vyumba vya boti za wapiga mbizi

(Mazungumzo na wanafunzi wa hoteli na utalii, Mbeya)

Mugonile, ndugu zangu! Naona Wanyakyusa wenzangu wamecheka, wengine mnanitazama tu. Basi kwa faida ya Wahehe na Wasafwa: nimewauliza mmelalaje. Nimeanza hivyo makusudi. Mwalimu wenu aliponialika aliniambia, "Dada, waeleze habari za chini ya maji." Ya chini ya maji sina. Mimi nilikuwa mtandika vitanda. Misimu miwili nimetandika vitanda kwenye boti ya wapiga mbizi, huko kati ya Pemba na Mafia, na kazi yote ile ni hiyo salamu yetu tu: mgeni amelalaje?

Boti hii si ya kuvusha watu kama zile za Itungi. Mgeni anapanda na begi lake, anakaa juma zima bila kukanyaga nchi kavu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi yuko majini. Anatoka, anakunywa chai, anarudi. Kwa siku mara tatu, mara nne, na ile ya mwisho huwa ya usiku, kwa tochi. Mtu wa namna hiyo akikosa usingizi, kesho yake ni hatari kwake na kwa mwenzake wa majini.

Sasa vyumba. Bei inapanda na ngazi. Vya juu vina dirisha kubwa na upepo. Vya chini viko tumboni mwa boti, na ni rahisi. Lakini boti huyumba zaidi juu kuliko chini. Mgeni anayechafukwa na bahari mpeleke chini, katikati, atakushukuru. Yule wa juu amelipia dirisha, na kuyumba kumo humo humo kwenye bei. Chumba cha chini nyuma kabisa usimpe mwenye usingizi mwepesi: nyuma ya ukuta wake kuna injini na jenereta, na jenereta ndiyo kiyoyozi chake, haizimwi.

Chumba namba 3, nilichokipenda, kilikuwa kama nusu ya chumba cha gesti ya Mwanjelwa. Kitanda cha dabodeka, na pembeni ubao wa kimo cha kiganja, bahari ikichafuka usianguke. Dirisha la duara lisilofunguka: nusu maji ya kijani, nusu anga. Usiku maji yanagonga karibu na sikio lako, ko, ko, ko. Wengine hulala kama watoto, wengine huomba kuhamishwa. Kitu cha maji hakiingii humo. Nguo ya kuzamia inaning'inizwa nje, kwenye sitaha ya nyuma. Ikiingia chumbani usiku mmoja, harufu utakaa nayo juma. Na shuka la baharini halikauki kama la Uyole.

Maji ya kuoga yanatoka baharini, yanachujwa chumvi kwa mashine inayokula umeme, kwa hiyo mtu anajimwagia upesi anatoka. Karatasi ya chooni haitupwi kwenye bakuli. Hilo utalisema kila siku, na kila safari yupo ataziba. Kuna pipa la maji yasiyo na chumvi la kuoshea kamera. Ukimwona mtu anasuuza humo miwani yake ya kuzamia, mzuie kabla mwenye kamera hajamwona, maana kamera nyingine ni bei ya shamba la parachichi la Njombe.

Hizo kamera na tochi zina betri za lithiamu, na wenyewe wanataka kuzichaji usiku. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Tarehe 2 Septemba 2019, boti ya wapiga mbizi iitwayo Conception iliwaka moto kando ya kisiwa cha Santa Cruz, California, Marekani. Watu 34 waliokuwa wamelala chini walikufa wote. Chumba kile kilikuwa na njia mbili za kutokea, ngazi na mlango wa dharura, na zote mbili zilifunguka ukumbini, kwenye moto wenyewe. Na hakukuwa na mtu wa zamu aliyekuwa akizunguka usiku.

Kwenye boti niliyofanyia kazi, mlango wa dharura ulikuwepo, safi, na maandishi mekundu. Juu yake walikuwa wamepanga kreti za soda. Nilizihamisha mara nne, zikarudi mara nne. Ukiajiriwa, kabla ya kuuliza mshahara, lala kwenye kitanda cha mgeni, zima taa, kisha jaribu kutoka.

Nimalizie na usiku wa mwisho, unaotuhusu sisi wa milimani. Mpiga mbizi anatoka majini na naitrojeni imejaa mwilini, inatoka taratibu. Akipanda juu haraka, kanieneo ya hewa inapungua, gesi inatengeneza mapovu ndani yake. Ndiyo maana paketi ya krispi kutoka Dar inatuna ikifika Iringa. Mwongozo wa shirika la DAN, la usalama wa wapiga mbizi, unasema aliyezamia siku kadhaa mfululizo asubiri angalau saa 18 kabla ya ndege, na unahesabu kuanzia mwinuko wa mita 600 hivi. Mbeya tuko mita 1,700! Kwa hiyo siku ya mwisho boti haizamishi mtu, na wageni hunung'unika kwamba wameibiwa siku.

Mgeni wetu mmoja alizamia hadi saa kumi jioni, na tiketi yake ya ndege ya kuja Songwe, hapa Mbeya, ilikuwa ya saa moja asubuhi ya hiyo siku ya mwisho. Alitaka kuwahi maua ya Kitulo, ambako ni karibu mita 2,600. Nikamhesabia kwa vidole: saa kumi na tano. Alinuna. Nikamtafutia chumba Kigamboni, akalala, akapumzika mchana kutwa, akalala tena, kesho yake alfajiri akapanda basi. Alipofika Makambako alinitumia picha, hakuandika neno. Paketi ya krispi, imetuna kama mto.