Maji Yana Mstari Wake Kwenye Bili, Moshi Je?

KAZUNGU: Hamjambo wasikilizaji wetu. Niko na dada yangu Zuhura kama kawaida, na leo naona amekuja na bili ya stima mkononi.

ZUHURA: Ya mamangu hii. Hebu tuisome. Hapa kuna bei ya umeme wenyewe, chini yake gharama ya mafuta, halafu fedha za kigeni, VAT, umeme wa vijijini. Na kimstari hiki, senti chache tu, unakijua?

KAZUNGU: WRA. Si ni watu wa maji?

ZUHURA: Naam, Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Yale maji ya Mto Tana yanayozungusha mitambo kwenye mabwawa, sisi twayalipia. Basi nikajiuliza: ikiwa maji yana mstari wake, moshi wa mtambo uandikwe wapi?

KAZUNGU: Ndiyo mada yetu hiyo, gharama ya kijamii ya kaboni. Ieleze kwa lugha ya barazani.

ZUHURA: Tani moja ya hewa ukaa ikishatoka kwenye bomba haipotei. Inakaa huko juu, inazidisha joto, na joto lile linakausha mahindi, linapandisha bahari, linaleta maradhi. Wachumi hujumlisha hasara zote hizo, za leo na za miaka mingi ijayo, wapate bei ya tani ile moja. Mwenye mtambo hailipi. Mwenye kuwasha taa hailipi. Hasara inamwangukia mtu ambaye hata hakuulizwa.

KAZUNGU: Na bei yenyewe?

ZUHURA: Huko Marekani, serikali ya Biden mwaka 2021 ilitumia dola 51 kwa tani. Mwisho wa 2023 shirika lao la mazingira, EPA, likasema dola 190. Kabla ya hapo, utawala wa kwanza wa Trump ulikuwa umeiteremsha hadi dola chache tu, na aliporudi Januari 2025 akalivunja kundi la wataalamu waliokuwa wakiipiga hesabu.

KAZUNGU: Hapo utaniwia radhi. Fundi akinitajia bei tatu zilizoachana hivyo kwa kazi moja, simpi kazi.

ZUHURA: Una haki ya kuuliza. Tofauti inatoka sehemu mbili. Kwanza, unahesabu hasara ya nani? Trump alihesabu ya Marekani peke yake, kana kwamba moshi unasimama mpakani. Pili ni kile wachumi wanachokiita kiwango cha punguzo, yaani asilimia wanayoikata kila mwaka kwenye hasara ya baadaye ili waipe thamani ya leo. Chukua hasara ya shilingi 1,000 itakayompata mjukuu wako miaka 80 kutoka leo. Ukikata asilimia 2 kwa mwaka, kwenye hesabu ya leo inaandikwa shilingi 205. Ukikata 3, inakuwa 94. Ukikata 7, zinabaki shilingi 4 na senti kidogo.

KAZUNGU: Shilingi 4! Na mtoto ni yuleyule, hasara ni ileile.

ZUHURA: Ileile. Kwa hiyo mtu akikuletea hesabu ya mradi, muulize kwanza amekata asilimia ngapi.

KAZUNGU: Lakini bado namwona mkubwa wa ofisi akisema, "Maadamu hamjakubaliana bei, sisi tunaacha wazi."

ZUHURA: Kuacha wazi ni kuandika sifuri, Kazungu, na sifuri nayo ni bei. Mahakama ya rufaa ya San Francisco ililisema hilo mwaka 2007 kwenye kesi ya viwango vya mafuta ya magari: makadirio yanaweza kupishana, lakini thamani ya kupunguza hewa ukaa si sifuri. Na jimbo la Minnesota lina sheria tangu 1993 inayoitaka tume ya huduma za umeme ikadirie gharama za kimazingira inapopima mitambo.

KAZUNGU: Tulete nyumbani. Lamu.

ZUHURA: Lamu. Mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa, megawati 1,050, pale Kwasasi. Umeme wake ulitajwa kati ya senti 7 na 8 za dola kwa uniti, na watu wakaambiwa ni rahisi. Sasa, makaa hutoa karibu kilo moja ya hewa ukaa kwa kila uniti. Tia ile dola 51 kwa tani, unaongeza kama senti 5. Ile ya 7 imekuwa 12. Tia 190, unaongeza karibu senti 19. Urahisi wenyewe uko wapi?

KAZUNGU: Na jopo la mazingira, ile mahakama ndogo ya kesi za mazingira, lilipoifuta leseni ya mtambo huo Juni 2019...

ZUHURA: Wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, hilo lilikuwa kubwa. Lakini jopo lilisema pia kwamba sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Yaani ripoti ya athari za mradi kwa mazingira, nzito vile, na moshi haukupimwa sawasawa!

KAZUNGU: Nikubishie kidogo. Stima yetu kubwa inatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawani na kwenye upepo wa Turkana. Waliochafua ni wengine. Kwa nini Mkenya ndiye atiwe mzigo wa kuhesabu hasara ya dunia nzima?

ZUHURA: Linaniuma hilo, sitaki kulipita haraka. Deni ni lao, na walilipe. Lakini kuhesabu si kulipa. Unahesabu ujue unachonunua. Na sisi wa pwani tumo ndani ya hiyo dunia nzima. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi kama 4,600 wa Lamu wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari. Samaki waliopotea walitiwa bei, mikoko ikazungumzwa kortini. Hakuna aliyesema bahari haihesabiki.

KAZUNGU: Kwa hiyo unataka nini hasa kwenye ripoti ya mradi?

ZUHURA: Ukurasa mmoja. Tani ngapi kwa mwaka, bei gani ya tani, punguzo asilimia ngapi. Na ubandikwe kwa Kiswahili pale mikutano ya wananchi inapofanyika, kabla leseni haijatiwa sahihi.

KAZUNGU: Hapo nakuunga mkono. Tuna ujumbe wa sauti wa msikilizaji wa Kitui, anatoka upande wa makaa ya Mui na anauliza kuhusu ajira. Tuusikilize.